Mwanangu alikiri "chombo" akidhani ni tuktuk

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwaeleze wazazi wenzangu jambo lililonigharimu friji na akiba yangu yote ya chama.

Mwanangu wa pili ana miaka 23. Anaendesha tuktuk ya mtu hapa Kisauni. Usiku mmoja mwezi Machi alisimamishwa na polisi, akapekuliwa, akakutwa na misokoto miwili ya bangi mfukoni. Hilo sikatai na yeye hakatai. Nimemgombeza na bado namgombeza. Lakini walipoendelea kupekua tuktuk, chini ya kiti cha abiria wakatoa kibomba cha kioo, kifupi kama kidole, kimeungua mdomoni. Tuktuk ile ilikuwa imebeba watu tangu alfajiri. Asubuhi nilipompelekea chai kituoni aliniapia kwamba kibomba kile alikiona kwa mara ya kwanza kikiwa mkononi mwa askari.

Siku hiyohiyo akapandishwa kizimbani. Mimi nilikuwa benchi la nyuma. Karatasi ya mashtaka ilikuwa ya Kiingereza, karani akawa anaitafsiri papo hapo, mbiombio, maana foleni ya washtakiwa ilifika mlangoni. Shtaka la kwanza, kupatikana na bangi. Akajibu, "Ni kweli." Shtaka la pili, kupatikana na chombo cha kutumia dawa za kulevya. Akajibu vilevile, "Ni kweli." Nilitaka kusimama nipige kelele, miguu ikakataa. Faini ikawa shilingi 20,000 kwa la kwanza na 50,000 kwa la pili, au kifungo.

Siku ya tatu, friji imeshauzwa na faini imelipwa, nikamuuliza njiani: kwa nini ulikubali kibomba? Akanishangaa. "Kibomba gani, mama? Wamesema chombo. Si nilikuwa na chombo?"

Mhariri, kwa madereva wa tuktuk na bodaboda, chombo ndicho kile anachoendesha. Leo sijatoa chombo, chombo kiko kwa fundi, ndivyo wanavyosema kutwa. Mtoto alidhani anaulizwa kama alikuwa na tuktuk na bangi ikiwa ndani yake. Akasema kweli, kwa sababu alikuwa nayo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimsumbua binti wa jirani yangu, anayesomea uanasheria, anisomee sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994. Kumbe yale ni makosa mawili mbalimbali, kila moja na kifungu chake. Bangi iko kifungu cha 3. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, anayeiridhisha mahakama kwamba ni ya matumizi yake mwenyewe tu hafungwi zaidi ya miaka mitano, au hutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000. Wazazi, sikilizeni hapo: ni mshtakiwa anayetakiwa kuiridhisha mahakama. Mwanangu alimwambia askari ni bangi yake ya kuvuta, akadhani yameisha. Mbele ya hakimu hakulitamka hilo hata mara moja. Vifaa navyo, kama kibomba, viko kifungu cha 5, na sheria ilipotungwa kifungu hicho kiliwekewa faini ya hadi shilingi 250,000, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Mimi nilikuwa nikidhani kibomba kitupu ni jambo dogo kuliko bangi yenyewe!

Tena kupatikana na kitu si kukutwa kimelala karibu yako tu. Kanuni ya Adhabu inataka uwe unajua kwamba kitu kile umekiweka mahali pale, kwa ajili yako au ya mwingine. Dereva asiyejua abiria kaangusha nini chini ya kiti ana la kujitetea. Lakini analisema akikana shtaka. Akishasema "ni kweli", nani atauliza alijua au hakujua?

Linalonichoma zaidi ni kwamba baada ya yeye kukiri, kiongozi wa mashtaka alisoma maelezo ya kesi, na ndani yake mlikuwa na kibomba, kiti cha nyuma, kila kitu. Akaulizwa kama maelezo ni sahihi. Kulingana na uamuzi wa kesi ya Adan, uliotolewa mwaka 1973 na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki na unaofuatwa mpaka leo, mshtakiwa akiyapinga maelezo hayo hakimu hubadilisha jibu lake liwe la kukana. Angesema tu "kibomba si changu", kesi ingesikilizwa. Alikuwa amechoka, hajalala, akaitikia kwa kichwa. Na rufaa hukatwa ndani ya siku 14. Sisi tulipokuja kuyaelewa haya zilikuwa zimepita, na sasa lazima tuombe ruhusa kwanza.

Kwa hiyo ukiwa na kijana ndani, ukimpelekea chai mwambie asijibu shtaka asilolielewa. Aseme "sijaelewa, naomba nielezwe", hata mara tatu. Katiba, ibara ya 50, inampa haki ya kuelezwa shtaka kwa kina cha kutosha, na mkalimani bila malipo kama hajui lugha inayotumika. Wengi tunadhani mkalimani ni wa wageni. Wangu mimi Kiswahili ndiyo lugha yake ya kwanza, na kikampita.

Na kwa mahakimu na makarani, ombi langu halihitaji bajeti. Mkisoma shtaka la kifaa, kitajeni kwa jina lake la mtaani, kisha kiinueni mshtakiwa akione. Kile kibomba kilikuwa ndani ya bahasha ya kaki juu ya meza, hatua mbili kutoka alipokuwa amesimama mwanangu, na bahasha haikufunguliwa.

Mama wa watoto watatu,
Kisauni, Mombasa