Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Mombasa: Tuulizeni, lakini fungeni mlango

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum. Nakuandikia kuhusu swali tunaloulizwa kliniki za wajawazito na za kupanga uzazi: unatumia chochote? Pombe, muguka (yale majani ya kutafuna, jamii ya miraa), bangi, unga, yaani heroini.

Swali lenyewe silipingi, wala wengi niliokaa nao foleni. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito aulizwe, tena kila anapohudhuria. Linalotuudhi ni namna. Kliniki yangu nesi huuliza mezani, na benchi la wanaongoja liko hatua mbili nyuma. Benchini yupo jirani, yupo wifi, pengine yupo mavyaa mwenyewe. Nani atasema ndiyo? Aliyetema muguka getini atajibu "situmii", nesi ataandika "hatumii", na kazi imekwisha.

Tena hatuulizwi sote. Huulizwa aliyekonda, anayetoka mtaa uliochafuka jina. Mwenye buibui la bei na udi wake hupita salama. (Mulizeni naye. Vidonge vya usingizi vimejaa nyumba za ghorofa.)

Halafu jibu linakwenda wapi? Kina mama wanaogopa polisi, wanaogopa mume, wanaogopa kupokonywa mtoto. Msiwacheke. Kule Charleston, Marekani, hospitali iliwapima wajawazito mkojo na majibu yakafika polisi. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kuwapima hivyo bila ridhaa yao ni kuvunja katiba. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na habari za afya zimo katika zile nyeti. Nesi atwambie hayo kabla ya kuuliza: nani ataliona jibu, na nani hataliona.

Anayenitia wasiwasi zaidi ni mjamzito wa unga. Akifokewa, ama hatarudi kliniki, ama ataacha ghafla peke yake, na kuacha ghafla kunaweza kuidhuru mimba. Tiba inayoshauriwa ni methadoni, dawa anayopewa kliniki badala ya unga, na kliniki yake ipo hapa Kisauni. Asipewe kikaratasi na kuambiwa "nenda". Apelekwe na mtu, apokewe kwa jina.

Haya hayangoji bajeti mpya. Kliniki yangu chumba cha chanjo huwa kitupu mchana, nacho kina mlango. Anzieni hapo.

Wako,
Mama wa Kisauni