Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kijitabu cha Evington, Ada na Mahudhurio

Waheshimiwa wazee wetu, ndugu wanakamati, ndugu wanachama, na nyinyi wachache mliofika kwa mara ya kwanza: Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, namaste, na hamjambo. Karibuni kwenye Mkutano Mkuu wa Mwaka wa chama chetu cha historia ya Evington na mitaa yake hapa Leicester.

Katiba inanitaka nisome taarifa ya mwaka, nami naisoma. Najua wapo waliokuja kusikia jambo moja tu. Nitalifikia.

Kwanza shughuli za kawaida. Tulifanya matembezi matatu, mihadhara miwili na futari moja ya pamoja. Matembezi ya kwanza yalikuwa ya kijiji cha zamani: kanisa la St Denys, kisha Piggy's Hollow, ambapo bado yanaonekana mabonde ya handaki la maji lililozunguka jumba la makabaila, pamoja na mabwawa yao ya samaki, kisha Shady Lane, walipopiga kambi askari wa miavuli wa Divisheni ya 82 ya Marekani mwaka 1944, na baadaye wakawekwa wafungwa wa kivita. Ya pili yalikuwa ya Spinney Hills. Ya tatu yaliahirishwa kwa mvua, yakaahirishwa tena kwa harusi, hatimaye yakafanyika. Picha ziko kwenye kundi la WhatsApp. Namshukuru katibu kwa chai na maandazi, na hapo nafunga ukurasa wa shughuli.

Sasa nije kwenye kijitabu.

Maneno yamekuwa mengi. Nimeambiwa mwenyekiti amekigeuza kijitabu cha chama kuwa chake. Nimeambiwa nimewaudhi wazee. Mwanachama mmoja alituma ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja kwa kila mtu isipokuwa mimi, nao ukanifikia kabla ya magharibi. Basi leo nizungumze mimi, tena mbele yenu.

Mtakumbuka kwamba mkutano mkuu uliagiza kitungwe kijitabu cha Kiswahili cha kurasa 40 juu ya historia ya Evington, ili watoto wetu wajue mahali walipozaliwa. Kamati ndogo ikaandika rasimu. Ilikuwa rasimu nzuri, sina ubaya nayo. Ilianza na kijiji, ikaja kanisa, wakaja makabaila na mabwawa ya samaki, tena kwa kina, maana mabwawa peke yake yalipata kurasa nne. Watu waliotoka Afrika Mashariki walipewa aya moja, ukurasa wa 37, chini ya picha ya bustani. Nilipoisoma nyumbani nilijiuliza: mjukuu wa mtu wa Kampala akifunua kijitabu hiki, atajikuta wapi?

Ndipo nikaamua, na nasema nikaamua kwa sababu wengine mnasema hivyohivyo kwa sauti ya chini, kwamba ukurasa wa kwanza uwe lile tangazo la Septemba 1972.

Kwa wageni: mnamo Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Wengi walikuwa na pasi za Uingereza. Wakati wanapanga foleni Kampala kutafuta karatasi zao, halmashauri ya jiji la Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus. Liko mbele yenu, ukurasa wa kwanza, nimelikuza kidogo ili wazee wasihangaike na miwani. Linasema nyumba zina foleni ya familia, mamia ya watoto wanangoja nafasi shuleni, huduma za jamii na afya zimefika mwisho wa uwezo wake. Kisha linamalizia kwa adabu kabisa: kwa faida yenu na ya familia zenu, fuateni ushauri wa bodi ya serikali inayowashughulikia, na msije Leicester.

Watu wakaja. Inasemwa hata kwamba wako ambao hawakuwa wamewahi kulisikia jina la Leicester mpaka walipolisoma humo.

Hoja ya kwanza niliyoletewa ni kwamba tangazo hilo ni la jiji zima, tena kama lina mtaa wake basi ni Belgrave, kwenye maduka ya dhahabu na sari, siyo kwetu. Hoja hii imetolewa na watu ninaowaheshimu, lakini haisimami. Tangazo liliwakataza watu kuja Leicester, na waliokuja walilala mahali fulani. Wengi Belgrave, sawa. Wengine Highfields, Spinney Hills na North Evington, na sababu yake ni mtu ambaye rasimu ile ilimtaja mara moja tu: Arthur Wakerley.

Wakerley alikuwa msanifu majengo, akawa Meya wa Leicester mwaka 1897. Ndiye aliyechora Turkey Café ya Granby Street, ile yenye bata mzinga ukutani ambayo nyote mmeipita mkienda stesheni. Tangu miaka ya 1880 alijenga North Evington kwenye mashamba: nyumba za safu zilizoshikana, viwanda katikati ya nyumba, na soko lake. Alikuwa Mmethodisti asiyegusa pombe, na mji wake akaujenga bila baa. Mwaka 1892 eneo hilo likaingizwa ndani ya mipaka ya Leicester, wakati kijiji chenyewe cha Evington kilibaki nje hadi miaka ya 1930. Ndiyo maana hadi leo ukitoka East Park Road kwenda kijijini unahisi umevuka mpaka wa nchi: huku matofali mekundu na milango inayofungukia barabarani, kule kijani, miti na magari yaliyooshwa. (Wanachama wetu wa Goodwood wanasema wao wako katikati. Sawa.)

Mtu aliyeshuka na sanduku moja mwaka 1972 hakuhitaji makabaila. Alihitaji chumba cha bei nafuu na kazi ya kwendea kwa miguu. Wakerley alikuwa ameviweka vyote viwili mtaa mmoja miaka 80 kabla: soksi, viatu, na baadaye pale East Park Road mashine za taipu za Imperial, kampuni iliyoanzishwa na Hidalgo Moya mwaka 1908. Kwa hiyo anayeniambia tangazo halihusiani na Evington, namwomba atoke nje ya ukumbi huu ageuke kushoto.

Hoja ya pili ilinigusa zaidi. Mzee wetu mmoja, ambaye alifika mwaka huohuo akiwa kijana, alinipigia simu. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwenyekiti, umetuweka aibu yetu mlangoni." Nilimsikiliza mpaka mwisho. Lakini nilimweleza, na naeleza tena hapa: aliyepiga hodi akanyimwa karibu, aibu ni ya nani? Yeye alipiga hodi, akaingia, akafanya kazi, akalipa kodi, na leo wajukuu zake ni madaktari katika Leicester General, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1905 kuwauguza maskini wa Leicester. Mimi naona tangazo lile ni cheti chake. Hakukubaliana nami. Alinitakia usiku mwema na akakata simu, na tangu hapo salamu zake zimekuwa fupi.

Wako pia waliosema si sote tunatoka Uganda. Kweli kabisa. Wa Kenya walikuja kwa wingi kabla, na mwaka 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku tatu sheria ya kuwazuia watu wenye pasi za Uingereza hiyohiyo. Wa Unguja wana 1964 yao. Wa Bujumbura, wa Bukavu, na ndugu zetu Wasomali waliopitia Uholanzi, kila mmoja ana yake. Mmesema wenyewe hamkupewa ukurasa wa kwanza. Lakini kurasa za 22 hadi 29 zinawahusu nyinyi, na kurasa hizo niliziandika mimi, kwa sababu walioahidi kuziandika hawakuleta hata mstari. Tena aliyefika mwaka 2003 akakuta msikiti, duka la mchele na mhogo wa kukaanga Evington Road, alikuta kazi ya waliotangulia.

Kuhusu mgomo wa Imperial, kurasa za 2 na 3, nimeambiwa ni siasa. Mei 1974 wafanyakazi 39 wa kiwanda kile waliweka zana chini wakilalamikia bonasi na upendeleo katika kupandishwa vyeo. Wakafika kama 500, wengi wao Waasia wa Afrika Mashariki. Chama cha wafanyakazi walichokuwa wakikilipia ada hakikuwaunga mkono. Walikaa nje karibu miezi mitatu, na mwaka 1975 kiwanda kikafungwa. Bibi mmoja aliyemo humu ndani alikuwa akipeleka chai ya tangawizi getini, kwenye chupa ya chai yenye maua, na chupa hiyo anayo mpaka leo. Nilimwomba tuipige picha. Akakataa, akasema haijaoshwa vizuri. Kama hiyo ni siasa, basi iwe siasa.

Limebaki suala la akidi. Imedaiwa kwamba nilipeleka kazi kwa mchapaji bila idhini. Kikao cha Machi kiliitishwa kihalali, kwa notisi ya siku kumi na nne. Akidi ni watu 15. Walifika tisa, na kati yao mmoja alikuwa amefuata viti vyake alivyotuazima. Siku ile Leicester City ilikuwa inacheza, na mimi naipenda kama mtu yeyote, lakini nilikuja. Bei ya mchapaji ilikuwa inaisha Ijumaa. Kifungu cha 14 cha katiba yetu kinamruhusu mwenyekiti kuamua jambo la dharura baada ya kushauriana na katibu na mweka hazina. Nilishauriana. Mweka hazina anasema aliarifiwa, hakushauriwa. Sitabishana naye hapa juu ya tofauti hiyo, ila simu yangu ina ujumbe wake wa "sawa mwenyekiti", na atakaye kuuona aje.

Niongeze tu kwamba kupanga kurasa, kusahihisha, kwenda na kurudi kwa mchapaji, na mafuta ya gari, vyote vimetoka kwangu. Sidai shukrani.

Hesabu kwa ufupi, maana karatasi ya mweka hazina mnayo. Daftari lina wanachama 71. Ada ni pauni 12 kwa mwaka. Waliolipa kamili ni 26, waliolipa nusu ni tisa, na 36 hawakulipa senti, wakiwemo wanakamati wawili ambao sitawataja ingawa wananitazama. Ada ilileta pauni 366, vijitabu 70 vilivyouzwa pauni 280, na mfanyabiashara mmoja wa Evington Road alitusaidia pauni 150, jumla 796. Matumizi: uchapaji 640, ukumbi 180, chai na vitafunio 95, jumla 915. Pengo la pauni 119 tumeliziba kwa akiba ya mwaka jana ya 203, kwa hiyo sanduku lina pauni 84. Tulichapa nakala 300. Zilizouzwa 70, zilizogawiwa bure 42, na 188 zimo kwenye korido ya nyumba yangu, ambapo mama wa nyumba ameanza kuulizia mpango wake.

Wanaosema kijitabu ndicho kilichotufilisi wapige hesabu ya wale 36. Mara pauni 12 ni pauni 432.

Na mahudhurio. Mhadhara juu ya historia ya hospitali ulihudhuriwa na watu saba, wakiwemo mzungumzaji na mkewe. Mzungumzaji alikuwa ametayarisha picha sitini. Lakini kwenye futari walifika watu tisini, na wote walijua njia, na wengine walikuja na vyombo vya kubebea. Sisemi watu wasile. Nasema ukumbi ni uleule.

Kuhusu mwaka ujao, kamati inatarajia, Mungu akijalia, kuanza kurekodi sauti za wazee wetu kabla hatujachelewa zaidi. Lipo wazo la kuomba kibao cha kumbukumbu pale kilipokuwa kiwanda cha Imperial. Tutaona tuanzie kwa nani. Wakazi wa Rowlatts Hill wameomba sura yao, kwani ghorofa zile nazo zina watu na zina historia, na itaangaliwa. Kama litakuja toleo la pili, maoni ya wazee juu ya ukurasa wa kwanza yatazingatiwa kadiri inavyofaa. Tangazo lenyewe halitoki.

Uchaguzi utafuata baada ya chai. Nimeulizwa kama nitagombea tena. Fomu yangu iko kwa katibu tangu juzi. Mweka hazina amekaa karibu na mlango, anapokea ada kwa taslimu na kwa kadi. Kijitabu ni pauni nne, na kwa atakayelipa ada leo ni pauni tatu.