Kidole gumba cha Nuru

Njoro, Moshi
12 Julai

Kwako Mama Nuru, shoga yangu,

Salamu kutoka baridini. Mlima hatujauona wiki nzima, wingu limelala mpaka kwenye mabati, nami nashona nimevaa soksi pea mbili. Wote wazima, ila viungo vyangu na mwezi wa saba unavijua mwenyewe.

Picha ya Nuru nimeiona. Nilicheka peke yangu mpaka mteja akauliza kuna nini. Kidole gumba kimelala juu ya mkono utadhani kimevunjika, na mwenyewe anatabasamu! Ni mimi yule wa darasa la nne, chini ya mgrevilea, mkinilipa nusu andazi ili nirudie. Mliniita Mpira. Halafu nikasoma ulivyosema kwamba kila mgeni akija mtoto anaitwa aonyeshe, nikaweka mkasi mezani. Ndiyo sababu ya barua hii ndefu.

Unakumbuka nilivyohangaika na maumivu ya viungo baada ya kumzaa Elia. Mmoja aliniambia ni baridi yabisi, mwingine akasema gauti, nikaacha nyama mwaka mzima. Mchagga, nyama! Damu ikapimwa, safi. Mwishowe nikaambiwa sina kitu, nipunguze mawazo. Aliyenielewa ni binti mmoja wa fiziotherapia, wale wa mazoezi ya viungo, pale hospitali ya KCMC, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Hakutaka damu. Alivuta kidole changu kidogo kwa nyuma kikasimama wima, akakunja gumba mpaka kwenye mkono, akaniambia ninyooshe viwiko, kisha magoti, halafu niiname niweke viganja sakafuni bila kukunja magoti. Jumla ya alama ni tisa. Mtu mzima akifika tano anahesabiwa kuwa na viungo vilivyolegea. Nilipata saba. Kipimo kinaitwa cha Beighton, daktari aliyefanya kazi Afrika Kusini. Mwaka 1973 yeye na wenzake waliandika walichokuta walipowapima Watswana wa vijijini huko. Nilifurahi kusikia hivyo, maana mama mkwe alikuwa akisema haya ni maradhi ya kizungu, kwa Kiswahili chepesi uvivu.

Alivyonieleza ni hivi. Zile kamba zinazofunga mfupa na mfupa zina kolajeni, ile protini inayozipa uimara, iliyo laini kupita kiasi, basi zinavutika. Kazi ya kushikilia kiungo inahamia kwenye misuli. Mimi nikamwambia, kumbe ni kama Hiace ambayo mlango haufungi, konda anaushikilia kwa mkono kutoka Moshi mpaka Himo. Mlango haudondoki, lakini muulize konda mkono wake ukoje akifika. Akacheka, akasema ndiyo hiyo hiyo. Ndiyo maana asubuhi naamka nafuu, ikifika saa kumi na moja jioni natafuta pa kulala.

Mkasi ndio adui yangu. Nikikata kitenge kilichokunjwa mara nne, gumba linachomoka pale chini, nasikia "tak", halafu mkono unakuwa moto mpaka kwenye kiwiko. Sasa vishikio nimevizungushia sponji na mpira wa tyubu ya baiskeli, vimekuwa vinene kama ndizi. Mafundi wenzangu wananicheka, lakini kila wiki kuna mmoja anauazima. Pasi ninapiga nimesimama magoti yakiwa yamelegea kidogo, yasiende nyuma. Nilikuwa nayafunga kama nguzo bila kujua. Ndoo kubwa sibebi, nabeba vidumu viwili vidogo, kila mkono kimoja. Na nikisikia taarifa ya habari redioni nanyanyuka kwenye cherehani, hata kama mshono umefika katikati.

Kilichonishangaza zaidi ni kuambiwa niache kujinyoosha. Unajua nilivyokuwa najikunja mgongo ukalia, na kweli napata raha kwa dakika tano. Kumbe ndio navivuta vilivyokwisha kuvutika. Kuna mzee mmoja wa kuchua aliwahi kunivuta bega "lirudi mahali pake", nikalala na kanga shingoni siku tisa. Sirudi tena kwake. Dawa yangu ni kutia misuli nguvu: chupa ya lita moja ya maji nainua polepole, naegemea ukuta nashuka nusu, napanda. Miezi mitatu ya kwanza niliona upuuzi mtupu. Wa nne nikakata sare za harusi kumi na mbili bila kulia. Usiku nikizidiwa nakanda kwa chupa ya maji moto, na vidonge nameza vya parasetamo tu, sizidishi vinane kwa siku nzima, vile vya miligramu 500. Vile vikali vya maumivu nilivyokuwa nameza na chai tupu vilinichoma tumbo.

Sasa Nuru. Usitishike, nakujua. Watoto wengi wanakunjika hivyo na hawaumwi kamwe, wakikua wanakakamaa kama sisi wengine tulivyotakiwa. Mwache acheze, aruke kamba, aogelee huko baharini, hiyo ndiyo misuli yenyewe. Mimi ninachokuomba ni maonyesho ya wageni yaishe. Na ukiona analia miguu usiku mara kwa mara, au mkono unamchoka haraka akiandika, au kifundo kinateguka kila akikimbia, mpeleke kwa watu wa fiziotherapia, usimwambie anadeka. Mama yangu aliniambia nadeka, naye mwenyewe akikaa chini alikuwa hanyanyuki bila kushika ukuta. Hatukuwahi kuunganisha haya mawili mpaka alipofariki.

Krismasi mje Moshi, mtalala kwangu. Kiburu nitapika mimi, sufuria utaipua wewe. Ile achari ya embe uliyonitumia kutoka Tanga bado iko kabatini, haijaguswa. Kifuniko kimenishinda tangu Pasaka, na Baba Elia nimekataa kumwomba kwa sababu ataimaliza. Utakuja kuifungua mwenyewe.

Wako,
Mama Elia (Mpira)