Msinitume Kuwaombea Viti: Barua kwa Wanangu wa Mombasa

Wanangu,

Asalaam aleikum. Na wale wenzenu wawili Wakristo, salamu zao nazo zimo. Nyote mlikaa mkeka mmoja, kwa hiyo barua ni moja.

Jumamosi iliyopita mlikuja wasichana saba hapa Kibokoni baada ya laasiri, mkanikuta napepeta mchele. Mlikuja na adabu, mkaja na haluwa, mkazunguka sana kabla ya kulisema lililowaleta. Mwishowe mdogo wenu akalitoa: kwa kuwa yule mzee wa chama cha siasa tunajuana tangu ujana wetu, basi niende kwake nikamwombe "awafikirie" wawili watatu wenu kwenye orodha ya viti maalum, vile vya kuteuliwa na chama bila kupigiwa kura, mwaka 2027. Nikanyamaza, mkadhani nimekubali. Sikukubali. Nilipandwa na hasira ambayo si yenu, nikaona ni heri ipoe kwanza. Sasa imepoa kidogo. Naandika hadharani kwa sababu najua hamko saba. Majengo wapo, Likoni wapo, Changamwe na Kongowea wapo, na kila mmoja ana mzee wake wa kutumiwa mtu.

Kuna jambo sijawahi kuwahadithia. Mwaka 2002 niligombea udiwani. Nilikuwa na miaka arubaini na kitu, na vikuku vitatu vya dhahabu vya mahari yangu. Viwili niliviuza nikapata pesa za fomu, za chai na za kuwakodia mabango vijana wa mtaa. Siku ya mchujo wa chama wanawake walipanga foleni tangu kutoka swala ya alfajiri. Karatasi za kura hazikuonekana mpaka saa kumi alasiri, zikaletwa na kijana wa pikipiki ndani ya mfuko wa nailoni, ule wa kubebea nyanya sokoni. Meza ikawekwa, nikachungulia. Majina manne, yote ya wanaume. Langu halimo.

Nikamwendea msimamizi. Kijana mpole, wallahi, hata sura yake siichukii. Akanifungulia daftari jingine, akateremsha kidole mpaka penye jina langu: "Mama, wewe uko huku. Orodha ya akina mama." Risiti ya fomu ya udiwani ninayo mpaka leo. Mtu fulani huko juu aliona jina la kike akalipeleka anapojua yeye kuwa ndipo mahali pake, na hakuona haja ya kuniuliza.

Baadaye watu wakasema lile neno lao, kwamba wanawake hawapigiani kura. Kila nikilisikia namkumbuka muuza mbaazi mmoja aliyefunga biashara siku ile, akasimama juani na mtoto mgongoni tangu alfajiri. Nilipotoka kule ndani akanitazama, akajifunga leso upya, akanambia, "Shoga, sisi tulikuja. Wewe ndiye hukuwepo." Hakusema kwa ubaya. Aliniambia ukweli wa karatasi.

Mtasema hayo ya zamani, sasa kuna Katiba. Ipo, na mtu akiibeza mbele yangu sikai naye. Kifungu cha 27 kinataka jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa. Kifungu cha 97 kikatutengea viti 47 Bungeni, kimoja kila kaunti, hao ndio tunaowaita mama kaunti. Na katika mabunge ya kaunti, wanawake waliochaguliwa wasipofika thuluthi, vyama vinajaliza kutoka orodha zao. Ni kheri kubwa. Lakini hebu tazameni tulivyoipokea. Mombasa hii, ukiondoa kiti cha mama kaunti, ina ugavana, useneta, viti sita vya ubunge na wadi 30. Ni milango 38. Msichana akisema tu anataka siasa, anaulizwa, "Unataka mama kaunti?" Wanawake kumi wanasukumana mlango mmoja mpaka wanachaniana mabuibui, na ile 38 wanaipita kama maduka yaliyofungwa. Tulipewa ngazi, tukaifanya zizi.

Wadi zote za Kenya ni 1,450. Mwaka 2013 wanawake waliozishinda walikuwa 82. Mwaka 2017 wakawa 96. Mwaka 2022 wakafika 115. Kwenye kila wadi mia, basi, wanawake hawatimii wanane. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu: kwa mwendo huu, thuluthi tutaifikia baada ya zaidi ya miaka mia. Sitakuwepo, nanyi hamtakuwepo, na huyu mjukuu wangu anayenisaidia kuichapa barua hii naye hatakuwepo.

Wala msingoje Bunge liwapunguzie safari. Mahakama ya Juu ilitoa rai yake mwaka 2012, kwamba sheria ya thuluthi mbili iwe imepatikana ifikapo tarehe 27 Agosti 2015. Haikupatikana. Februari 2019 mswada ulihitaji kura 233, waheshimiwa hawakutimia hata ukumbini. Septemba 2020 Jaji Mkuu wa wakati ule, David Maraga, akamshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge kwa kosa hilo. Halikuvunjwa. Lilimaliza muda wake likila mshahara.

Nikisema hivi msinielewe kwamba navidharau viti vya kuteuliwa. Wanaoviita viti vya huruma hawajui historia. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, inayomtetea kila mtoto wa kike mtaani kwetu, ililetwa na Njoki Ndung'u, mbunge wa kuteuliwa. Aliingia na mswada mkononi, akaupigania katika Bunge la wanaume watupu karibu wote, akapunguziwa hapa na pale, lakini akatoka na sheria. Nyinyi Jumamosi niliwauliza mkiteuliwa mtafanya nini, mkatazamana. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza. Anayefikiriwa na mzee hubaki kumfikiria mzee, na siku ya kura atatazama mkono wa nani umenyanyuka kabla hajanyanyua wake.

Na idadi nayo ina kazi yake. Machi 2014, Bunge lilipoujadili Mswada wa Ndoa, wabunge wanaume walikiondoa kifungu kilichomtaka mume ashauriane na mkewe kabla ya kuoa mwingine. Wabunge wanawake wakatoka ukumbini kwa hasira. Mswada ukapita huku wao wako nje, na Aprili ukatiwa saini. Mitala kwangu si hoja. Mimi mwenyewe niliolewa mke wa pili, na mke mwenzangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyenishikia watoto siku zangu za kampeni. Ninachowaonyesha ni ule mlango wa ukumbi. Waliotoka walikuwa wachache, ukumbi ukaendelea na kazi yake kama hakuna aliyeondoka.

Mifano ya karibu ipo, hamna haja ya kupanda ndege. Mishi Mboko alikuwa mama kaunti wetu mwaka 2013. Mwaka 2017 akakiacha kiti kile, akavuka feri kwenda kupambana na wanaume ubunge wa Likoni, akashinda, na 2022 watu wakamrudisha. Mkubaliane naye msikubaliane naye, hiyo ndiyo njia: kile kiti kilikuwa ngazi, akakanyaga akapanda. Ukitoka Likoni ukaenda mbele kidogo uko Kwale, kwa Fatuma Achani. Alikaa naibu gavana mihula miwili, akijua kila faili lilipo, ndipo 2022 akawa gavana, mmoja wa wanawake saba waliochaguliwa magavana mwaka ule. Mwaka 2013 magavana wanawake walikuwa sufuri. Na wanawake hao saba hakuna aliyewekwa kwenye orodha. Majina yao yalikuwa kwenye karatasi ya kura.

Kila Machi 8, Siku ya Wanawake, mtasikia Mekatilili akitajwa jukwaani, alivyowasimamisha Wagiriama mwaka 1913 dhidi ya kodi na kazi za Mwingereza, alivyopelekwa uhamishoni Kisii akatoroka akarudi kwa miguu. Mnapiga vigelegele. Muwe mnamwangalia sana anayesema, maana mara nyingi jioni ndiye anayekwenda kuiandika ile orodha.

Sasa nije kwenye daftari la chama chenu cha kuchangiana. Mlipokuwa mnaaga, mweka hazina wenu alilitoa mkobani aandike nauli ya bajaji. Nikaliomba nilitazame. Jalada limetoka, limefungwa kwa raba ya bluu. Majina thelathini na manne, kila Jumapili tiki yake, faini ya shilingi hamsini kwa aliyechelewa. Kuna mmoja amezungushiwa wino mwekundu, deni shilingi mia tano, na pembeni majina ya wawili waliomdhamini. Ukurasa wa nyuma: nani amefiwa, nani amejifungua, nani mumewe amepoteza kazi bandarini. Nimezijua siasa za mji huu kwa miaka hamsini, na sijaona tawi la chama lenye daftari kama lile. Mkitaka kujua wapiga kura wenu ni nani, mnao, na madeni yao mnayajua.

Wala si jambo geni. Nyanya zetu walikuwa na Ibinal Watan na Banu Saada, vyama vya ngoma ya lelemama, vyenye vyeo, ada na mashindano ya watu kukosana miaka. Wanaume walidhani ni ngoma tu. Lakini mwanamke aliyezoea kukusanya ada za watu mia na kuwapanga barabarani hafundishwi na mtu kupanga mtaa. Miaka ya mwisho ya ukoloni, wanaume wa Kiarabu wa mji huu walipokuwa na kura na wake zao hawana, wanawake walikusanya saini wakaidai yao.

Leo siku ya mkutano wa hadhara Tononoka, daftari linaachwa nyumbani na wenye daftari wanakwenda kugawiwa leso. Mimi nilipewa moja 2013. Niliifua mara moja tu, uso wa mheshimiwa ukahamia kwenye shuka zangu, na mpaka leo hautoki.

Basi yangu ni haya. Kwanza, angalieni mmeandikwa chama gani. Mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta ni wanachama wa vyama wasivyovijua, na sisi Mombasa hatukusalimika. Mtu ajitoe, ajiandikishe anapotaka mwenyewe. Halafu muingie tawini, kwenye ukatibu, uweka hazina, ujumbe. Mahali panapoandikwa majina na kuhesabiwa pesa. Mkiambiwa kuna nafasi ya "kiongozi wa akina mama", shukuruni, mwachieni anayeipenda. Nami niliwahi kuwa nayo. Kazi yangu ilikuwa pilau.

Kisha wadi. Mtaulizwa mume wako ni nani. Ukiwa naye, wataambiana yeye ndiye anayekutuma. Ukiwa huna, ndiyo balaa zaidi. Kwenu ulikozaliwa watasema umeolewa kwingine, ukagombee huko. Ulikoolewa watasema wewe si wa hapa. Msipoteze pumzi kujibu. Anayekwambia mwanamke hana sauti mbele za watu, muulize mbona kura yake anaitaka. Ya mitandaoni siyajui vizuri, mjukuu wangu ananambia ni machafu kuliko ya kibarazani. Kila mmoja awe na mwenzake wa kumsomea, asisome mwenyewe usiku.

Pesa: msiuze dhahabu. Chama chenu cha kuchangiana kikitenga sehemu ndogo ya mchango wa kila Jumapili kuanzia sasa mpaka tarehe 10 Agosti 2027, mtapata za mabango na za mawakala. Wakala msimkose hata kituo kimoja, na awe mtu wa kwenye daftari.

Jambo moja limebaki linanikera. Juni 2024 niliwaona barabarani na mabango ya kupinga Mswada wa Fedha, sauti zimewakauka, macho mekundu kwa gesi ya machozi, na mswada ukaondolewa. Wawili kati yenu mlikuwemo, msinifiche. Waliosimama mbele ya lori la polisi leo wanaona haya kumwambia mzee wa chama, "Nataka wadi"?

Kwa yule mzee nitakwenda, Alhamisi. Nitamuuliza uchaguzi wa matawi ni lini, na fomu zinatolewa wapi. Basi. Nyinyi njooni Jumapili baada ya laasiri na vitambulisho vyenu, na daftari, na kila mmoja na jina la wadi anayoitaka. Wawili wakiitaka moja, wamalizane njiani. Mahamri na mbaazi juu yangu. Haluwa msilete tena, sukari yangu imepanda.

Kile kikuku cha tatu ninacho bado. Msikiulize.

Nyanya yenu,
Kibokoni