Kesi ya pampu, nisaidie

Kwako Hamadi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, hofu ni kwako. Najua nimepotea tangu ile harusi, lakini na wewe vidole havijakatika. Basi salamu zimekwisha, tuje kwenye kesi.

Kesi ni ile mashine yangu ya kuchuja maji, uliyoicheka ukasema inalia kama nyuki kwenye debe. Shemeji yako ametoa amri: ama mashine ilale, ama mimi nikalale nayo jikoni. Miezi yote hii nilikuwa naisingizia pampu. Juzi usiku nikafungua kabati, nikaweka kiganja kwenye ubao wa nyuma: unatetemeka hadi vidole vinawasha. Nikafungua skrubu, nikaiacha pampu ining'inie mkononi. Kimya! Kumbe pampu inanong'ona tu, kabati ndilo ngoma. Sasa nimeikalisha juu ya vipande vya kandambili kuukuu, na ile mipira migumu ya maji nimeipindisha duara isipeleke mtetemo ukutani. Ule mgugumio wa bomba la kumwagia nao nimeumaliza kwa kisu: nimekata ncha ya mpira mshazari, maji yanateleza ubavuni mwa bomba badala ya kudondoka.

Shemeji yako kasema afadhali. Afadhali, Hamadi! Maana bado inanguruma muda mrefu mno, na hapo ndipo nimekwama.

Tanki likiwa tupu lina hewa yenye presha ya nusu baa tu, na pampu inasukuma kwa baa 5.5, kwa hiyo membreni, ule utando unaochuja chumvi, inafanya kazi raha mustarehe. Kadiri tanki linavyojaa, presha yake inairudishia membreni kwa nyuma, hadi swichi inapokata kwenye baa 2.7. Karibu nusu ya nguvu imeliwa, na bado chumvi nayo inadai chake. Maji safi yanakuja kwa kubembelezwa, ila ya kumwaga, yale yanayoondoka na chumvi, hayapungui, kwa kuwa yanapimwa na kile kitundu cha njia ya taka. Nilikaa na jagi kama mwehu nikipima: mwanzoni natupa lita tatu kupata moja, mwishoni karibu sita! Kwa hiyo kelele, umeme na maji vyote vinapotelea pale pale, kwenye dakika za mwisho za kujaza tanki.

Ule ushauri wako wa kubana kitundu tupate nusu kwa nusu nimeukataa, usinune. Ukichukua nusu ya maji, chumvi kwenye nusu inayobaki inakuwa maradufu, na kwa chokaa ya maji haya membreni itaziba mapema. Kuna ile pampu isiyo na umeme inayosukumwa na maji ya taka yenyewe, inakinga membreni na presha ya tanki. Nzuri kweli, ila inagonga tak, tak, tak. Nitafukuzwa.

Mimi moyo uko kwenye tanki lisilo na presha kabisa, lenye boya la kufunga maji likijaa, na kipampu kidogo cha kupandisha maji mtu akifungua bomba. Kitalia sekunde chache tu za kujaza glasi. Ila tanki la namna hiyo linavuta hewa, na hewa ina vijidudu vyake, sasa mfuniko… Au niweke membreni mbili sambamba, pampu nipunguze kasi? Hapana, acha, hiyo tukionana.

Geji yangu ya presha bado unayo? Usiniambie umempa Mzee. Mfuniko unaobana vizuri, wenye tundu la filta ya hewa, unaweza kunitengenezea? Boya la plastiki litadumu, au nitafute la chuma cha pua? Na yule kijana wako wa mota bado yuko? Muulize kama mota isiyo na brashi inapungua kelele kweli ikiendeshwa polepole, au tunajidanganya. Na mgongo wako je, umepona?

Nijibu upesi. Leo nimeizima mashine saa tatu usiku, tunakunywa ya kuchemsha.

Ni mimi,
Shabani