Kwa mama wa kitenge cha njano niliyekutana naye Dar es Salaam, Mei 2019

Shikamoo mama. Jina lako sikuuliza, na pale kwenye duka la dawa sijakuona tena.

Nilikuwa nimembeba mwanangu wa miezi saba, siku ya tatu anawaka homa. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, nami nilishatoa hela ninunue ibuprofeni ya maji. Ukanishika mkono: "Mwanangu, mwaka huu homa ya dengue imejaa mjini. Hiyo dawa inaweza kumtoa damu. Mpe parasetamoli kwa uzito wake, mnyonyeshe kila mara, twende akapimwe." Muuzaji alinuna, hukumjali.

Ndani ya bajaji ukaniambia jambo ambalo lingenipita kabisa: homa ikishuka nisishangilie, maana hatari huweza kuanza hapohapo. Niangalie kama anatapika mfululizo, kama fizi zinatoka damu, kama amelegea, kama nepi hailowi. Siku ya tano homa ilishuka kweli, na usiku nepi ikabaki kavu. Nisingekusikia, ningelala kwa raha. Tulilazwa, akawekewa dripu, siku ya tatu tukaruhusiwa.

Uliniuliza pia kuhusu maji ya nyumbani. Nilidhani mbu ni wa mtaroni na wa usiku. Kumbe huyu anayeeneza dengue huuma mchana, na huzaliana kwenye maji safi kama ya pipa langu lisilo na mfuniko. Nililifunika siku hiyohiyo.

Nauli ya bajaji ulilipa wewe. Asante, mama. Mtoto keshaanza shule, na ana mdomo huyo!