Shokapu za YZ kwenye XT600 ya zamani: pima kwanza, lipa baadaye

Wenye Yamaha XT600 hapa Arusha wanalijua tatizo hili vizuri. Injini bado iko imara, fremu haina ufa, lakini pikipiki imelegea mbele. Ukishika breki, pua inazama mpaka mwisho. Ukiikimbiza kwenye njia ya Engaruka kwenda Ziwa Natron, mikono inakufa ganzi hata kabla hujaona maji. Basi mtu anaingia mtandaoni usiku, anakuta shokapu za mbele za YZ250F, pikipiki ya Yamaha ya mashindano ya motokrosi, zinauzwa Uingereza au Japani, analipia, halafu asubuhi anatupigia: "Fundi, nimeshanunua. Unanifungia lini?"

Nasi tunamjibu kwa swali: umenunua shokapu mbili tu, au mbele yote?

Kwanza tuseme kwa nini watu wanazitaka. Ndani ya shokapu za zamani kuna bomba lenye matundu, na oili inalazimishwa kupita humo kila shokapu inapobonyea. Mwendo ukiwa wa taratibu, oili inapita bila shida na pikipiki inazama tu. Gurudumu likipiga jiwe ghafla, matundu ni yaleyale, oili haiwahi kupita, na kishindo chote kinapanda kwenye usukani. Kasi ya kubonyea ikiongezeka mara mbili, ukinzani unaongezeka mara nne. Ndiyo maana shokapu hiyohiyo ni laini mno kwenye breki na ngumu mno kwenye mawe. Shokapu za kisasa zina katriji: oili inapita kwenye pistoni iliyofunikwa kwa visahani vyembamba vya chuma, vinavyopinda kadiri shinikizo linavyopanda na kuipisha oili. Za KYB, kampuni ya Japani inayotengeneza shokapu, zilizokuja na YZ za mwaka 2006, zenye mirija ya mm 48, bado zinasakwa hadi leo. Mirija ya XT600 ni mm 41, kwa hiyo hata ugumu wa kutopinda unauona kwa macho.

Hata hivyo, si kila XT inahitaji upasuaji huu. Kama unaitumia kwenda shamba na kurudi, na tatizo ni kwamba inavuja na kuzama, tufungue kwanza hizo ulizonazo. Mara nyingi tunakuta oili nyeusi kama ya injini, springi zimefupika na bushi zimekwisha. Sili mpya, springi ngumu zaidi na oili safi hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kubadilisha mbele yote, na wengine huishia hapo wakiwa wameridhika. Tunapata kazi ndogo, lakini mteja anarudi.

Ukiamua kuendelea, nunua mbele yote kutoka pikipiki moja: shokapu, vishikio vyake vyote viwili vinavyozibana pamoja, cha juu na cha chini, ekseli, gurudumu, bushi za pembeni, kalipa ya breki na pampu yake. Gurudumu la XT halikai katikati ya shokapu za YZ, diski yake haiangukii mahali kalipa ilipo, na ekseli hazilingani. Anayenunua vipande kimoja kimoja huishia kulipa zaidi ya aliyenunua seti.

Sasa tuje kwenye shafti ya usukani, ambako kazi nyingi huharibikia. Ni ile shafti iliyosimama kwenye kishikio cha chini na kupita ndani ya shingo ya fremu, ikizunguka juu ya beringi mbili. Hata pikipiki zote mbili zikiwa Yamaha, usitegemee ziingiliane. Tunapima kwa venia kipenyo cha viti vya beringi shingoni, juu na chini, urefu wa shingo yenyewe, na unene wa shafti ya YZ pale beringi zinapokaa. Siku ya bahati inapatikana beringi ambayo duara lake la nje linaingia kwenye fremu ya XT na la ndani linakaa kwenye shafti ya YZ, na kazi inaisha mchana. Urefu ukikataa, shafti ya YZ inang'olewa kwa presi na tunakereza nyingine ya chuma kigumu kwa vipimo vya fremu yako.

Shafti hiyo haiingii kwa nyundo. Tunaikereza iwe nene kuliko tundu la kishikio kwa sehemu chache za mia za milimita. Inalala kwenye friza usiku kucha, asubuhi kishikio cha alumini kinapashwa moto kwenye oveni, kisha presi inamalizia kabla joto halijahama. Vikishalingana joto, havitoki. Ukiona fundi anataka kuunga shafti kwa kuchomelea, au anazungushia kipande cha kopo la soda ili beringi "ikamate", chukua pikipiki yako uondoke. Shafti ikikatika, gurudumu la mbele linabaki nyuma na wewe unaendelea.

Tatizo la pili ni urefu. Shokapu za YZ zina safari, yaani umbali wa kubonyea, ya mm 300, ambayo za XT hazifikii. Pima kutoka chini ya kishikio cha chini hadi katikati ya ekseli, zote mbili zikiwa zimenyooka kabisa, utaona tofauti. Kwa pikipiki yenye mita 1.4 na ushee kati ya ekseli mbili, kila mm 25 unazoinua mbele zinalaza shingo kwa takriban digrii moja. Pikipiki inakuwa nzito kukata kona, uzito unakimbilia nyuma, na hata stendi ya pembeni inakuwa fupi, ikiegeshwa inalala kama mlevi.

Unaweza kuzipandisha shokapu ndani ya vishikio, lakini si sana: juu zitagusa usukani, na chini tairi litapiga kishikio au ekzosi siku shokapu zitakapobonyea hadi mwisho. Jambo hili hatulikisii. Tunatoa springi, tunafunga gurudumu, tunabonyeza mpaka kikomo na kuangalia kwa tochi nafasi iliyobaki kati ya tairi, madigadi na mabomba. Mara nyingi suluhisho la kweli ni kufupisha kwa ndani, kwa kuweka bushi iliyokerezwa kwenye fimbo ya katriji ili shokapu isinyooke hadi mwisho. Bushi ya mm 40 inakuachia safari ya mm 260, bado nyingi kwa XT.

Halafu springi. YZ250F ina uzito wa karibu kilo 100, XT600 inazidi 150, bado hujaweka mabegi wala abiria. Ukiacha springi za YZ, utakuwa umelipa pesa nyingi ili uzame upya. Tunamkalisha mwenye pikipiki na mzigo wake wa kawaida: mbele ishuke karibu robo ya safari, yaani kama mm 65 kwenye hizo 260. Visahani vya katriji navyo vinahitaji kupangwa upya viwe laini zaidi, kwa sababu vilipangwa kwa mtu anayeruka vilima uwanjani.

Yaliyobaki ni madogo ila yanakera. Kebo ya spidomita haina pa kushika kwenye gurudumu jipya, kwa hiyo tunafunga ya sumaku. Taa inahitaji vibano vipya kwa sababu mirija ya juu ni minene. Loki ya usukani huwa inakufa. Vizuizi vya kukata kona lazima vitengenezwe upya, la sivyo siku ya kwanza ukianguka shokapu zinabonyeza tangi. Bolti za vishikio hufungwa kwa spana ya kupima mkazo, kwa kawaida karibu na Nm 20. Ukizikaza kupita kiasi, mrija wa nje unabanwa, na shokapu mpya zinakwama kuliko zile za zamani.

Shokapu za YZ hukaa kichwa chini, kwa hiyo mirija inayong'aa sasa iko chini, karibu na gurudumu, ndiyo inayokula mawe na lile vumbi la majivu ya Ol Doinyo Lengai. Usiendeshe bila vikinga vyake vya plastiki, na tope lifutwe kwa maji kabla halijakauka. Sili ikivuja kwenye shokapu za aina hii, oili inashukia moja kwa moja kwenye diski na pedi za breki.

Kama hujanunua bado, tutumie picha za seti unayoitaka, ukimwomba muuzaji aweke rula kando ya shafti na kishikio cha chini. Kama umeshanunua, leta pikipiki nzima pamoja na boksi. Bei tunaitaja baada ya kupima shingo, na shokapu zako za zamani utaondoka nazo.